Jogoo wa Mzee Ramadhani na Daftari la Miraba

Laini Saba, Jumatatu, saa tisa mchana

Kwa huzuni kubwa inatangazwa kifo cha betri mbili za redio, kilichotokea ghafla leo saa nane na dakika kumi, katikati ya salamu za wasikilizaji. Marehemu walikuwa kazini tangu Pasaka. Walianikwa juani mara nne na kufufuka mara tatu. Wameacha redio moja, mama mmoja, na kimya. Habari ziwafikie jamaa wote popote walipo, hasa Achieng, ambaye yuko Kabiro.

Kwa hiyo, mwanangu, nimebaki na kimya, na kimya ni kitu kibaya kwa mtu mwenye jambo moyoni. Umeenda kumuaga Anti Rose, na dada yangu namjua: hatakuachilia kabla hujala mara mbili na kuombewa mara tatu. Nina muda. Mwanga wa lile tundu la msumari kwenye mabati sasa uko kwenye mguu wa kitanda. Ukifika kwenye sufuria, wewe utakuwa njiani kurudi. Na kesho saa kama hii utakuwa juu ya mawingu.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za kuficha pasipoti kifuani. Hayo umeambiwa na ploti nzima, na watu ambao hata Naivasha hawajafika. Mama Shiro wa mandazi amekufundisha kuishi na theluji. Mimi nataka kukuandikia juu ya daftari lako la hesabu, lile la miraba, ambalo nilikuambia lililoweshwa na mvua.

Barua hii nitaiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya sweta ya kijani, uisome ukiwa umefika Uingereza, ambako huwezi kugeuka mlangoni ukaniangalia. Huo ni woga. Tumeishi pamoja miaka mingi, mimi na huo woga, hata kodi tunagawana.

Acha nianze mbali kidogo.

Unamkumbuka Fundi? Wateja walimpenda sana, ingawa hakuwepo. Fundi wa kweli alikuwa Mzee Okoth, aliyenipa kivuli cha kibanda chake niuze mahindi ya kuchemsha. Akaugua, akarudi kwao Siaya, hakuonekana tena. Miaka minne nilikuwa nimemwangalia, mkono kwenye sufuria ya mahindi, macho kwenye meza yake. Sikujua kwa nini waya huu unaenda pale. Nilijua tu kwamba akiugusa pale, redio inaongea. Baba yako wakati huo alikuwa amekwenda Mombasa kutafuta kazi. Nadhani bado anaitafuta. Basi nikakaa kwenye kiti cha Mzee Okoth.

Watu wakaja na redio zao kwapani. Wakaniangalia, kisha wakaangalia nyuma yangu.

"Fundi ako wapi?"

"Ametoka kidogo. Acha, nitampa."

Kesho yake wanakuta redio inaimba. "Mwambie Fundi asante." Nitamwambia. Mmoja alikuwa akimletea Fundi sigara mbili kila akija. Nilizipeleka kwa Mama Shiro zikawa mandazi, na wewe ulikula sigara hizo miaka miwili. Ulikuwa na miaka mitano ukaulizwa na mteja, ukajibu bila kupepesa: "Fundi amekuja, ameenda." Nilijivunia kama mtu aliyemsikia mtoto wake akisoma kwa mara ya kwanza. Basi usije ukashangaa uongo mwingine ulitoka nyumba gani.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili Mzee Ramadhani alipokuja na shida yake. Unamjua, mwenye ploti, Mnubi ambaye babu yake alipewa shamba hapa wakati Kibera bado ni msitu, na hajaacha kutukumbusha. Nyuma ya duka lake alikuwa na stoo ya mabati, haina dirisha, imejaa sukari na unga. Kila Ijumaa akienda msikitini, mtu alikuwa akifungua ule mlango na kujipimia.

"Nataka kitu cha kupiga kelele mlango ukifunguliwa," akasema. "Mwambie Fundi."

"Fundi amesikia," nikasema.

Akacheka. Alikuwa amejua siku zote, yule mzee.

Nilikuwa na vidude vitatu vya duara, vidogo kama vifungo vya shati, nilivyovitoa kwenye kamera mbovu za wapiga picha. Viwili, kusema ukweli. Cha tatu kilitoka kwenye taa ya barabarani, usiniulize. Tuliviita macho. Jicho likipigwa na mwanga linapitisha umeme. Likiwa gizani linafunga njia. Ukiliunganisha na kengele, mlango ukifunguliwa mwanga unaingia, kengele inalia. Nikalipima mezani kwangu, juani, nikakaza skrubu mpaka likawa halishtuliwi na mwanga mdogo kama ule wa matundu ya misumari. Mlango tu. Nikaenda kulifunga stoo nikijiona mhandisi.

Siku ya kwanza kengele ilikuwa na adabu. Siku ya tatu, jua lilipochomoza tu na kuchungulia kwenye matundu, ililia mpaka mstari wote wa nyumba ukatoka nje. Wengine wametoka na shuka, wengine na rungu, mmoja ametoka na televisheni yake kabisa, akidhani ni moto. Mzee Ramadhani akaja kibandani na kanzu yake, pole pole.

"Mama Achieng. Nimekuagiza mlinzi, umeniletea jogoo."

"Wacha niiangalie, Mzee."

"Na jogoo mwenyewe ni Mkristo. Analia swala ya alfajiri ishapita."

Nikairudisha mezani. Nusu siku juani, haikuwa na kosa hata moja. Nikaenda kuifunga tena kule stooni. Baada ya siku tatu, jogoo tena. Vijana wa pale kwa reli wakawa wakinipita wakipiga kelele: "Niaje Fundi! Kesho tuamshe saa kumi na mbili, tuna kazi Industrial Area!" Unaona? Miaka yote hiyo nilingoja mtu aniite Fundi, na siku walipoanza, ilikuwa hivyo.

Nikaamua kwamba skrubu imeguswa. Na mtu wa kuigusa alikuwa mmoja tu: wewe, uliyekuwa ukiyachukua macho yangu bila ruhusa, hili ukilifungia kwenye mkebe wa majani chai, hili ukiliacha juu ya paa, kisha ukiyapima kwa mita yangu ya umeme na kuandika kwenye daftari lako la miraba.

"Sijagusa skrubu, Mama."

"Nani basi? Panya?"

"Hiyo jicho inakumbuka. Ikikaa kwa giza siku mingi inakuwa kali, mwanga kidogo tu inashtuka. Ikikaa kwa jua inachoka. Nimeandika, ona."

"Inakumbuka! Ina shule? Ina mama? Itakumbuka na nini?"

"Sijui inakumbuka na nini," ukasema. "Lakini inakumbuka."

Ulininyooshea daftari. Nililiangalia, Achieng. Hilo ndilo sijawahi kukuambia. Niliangalia ukurasa mmoja, nikaona mistari umeipiga kwa rula ya mbao, na maneno haya ambayo naweza kuyasema hata ukiniamsha usingizini: *Jicho la 3. Siku mbili kwa mkebe. Kali sana.* Na nikajua unasema kweli. Si kwa akili, kwa mwili. Kwa sababu hata mimi mwenyewe nikitoka nje baada ya kulala mchana, jua hunichoma macho, na baada ya muda kidogo silioni tena kuwa kali. Lakini mstari mzima ulikuwa ukinicheka, na sikutaka kuambiwa jibu na mtu ambaye bado nilikuwa namkata kucha.

Jioni ile makaa yalikuwa na unyevu. Hayakutaka kushika. Daftari lilikuwa pale.

Lilishika haraka, lilikuwa kavu kabisa. Nikapika ugali, tukala wote wawili. Asubuhi ulipolitafuta, nikakuambia maji ya mvua yaliingia chini ya kitanda yakaliharibu, nimelitupa. Mvua ilikuwa imenyesha kweli, ndiyo sababu makaa yalikuwa mabichi. Uongo mzuri siku zote huchanganywa na maji kidogo ya kweli. Uliangalia chini ya kitanda. Udongo ulikuwa mkavu. Kisha ukaniangalia, ukasema, "Sawa."

Hukulia. Ungelia ningejua la kufanya. Neno hilo moja limekaa kwangu miaka yote hii kama punje ya mchanga ndani ya kiatu cha mtu ambaye hana mahali pa kuketi akivue.

Muhula uliofuata ukaomba kuhamia Kabiro kwa Anti Rose, kwamba shule ya Kawangware ina walimu wazuri zaidi wa hesabu. Labda ilikuwa nao. Mimi niliwaambia majirani ni mambo ya masomo. Chumba hiki, ambacho tukiwa wawili tulikuwa tukipishana kwa zamu, siku ile kilikuwa kikubwa kama uwanja wa mpira.

Sasa nitakuambia ya pili, kwa kuwa nimeshaanza. Unakumbuka redio ya Anti Rose, ile iliyokuwa ikiharibika kila wiki? Ilikuwa redio nzima. Jumapili ya kwanza nilikuja kwa miguu kutoka huku hadi Kabiro nikisema nimekuja kuitazama, nikaiona haina ugonjwa, nikaona pia kwamba mtu hawezi kuja wiki ijayo kutazama redio isiyo na ugonjwa. Basi nikalegeza waya mmoja kabla ya kuondoka. Kila Jumapili naukaza ule, nalegeza mwingine.

"Dada," Anti Rose ananiambia, na huniita hivyo akikasirika tu, "redio hii inaharibika kwa ratiba kama ya kanisa. Huyo Fundi wako amekufundisha nini?"

"Ni ya zamani. Inataka uvumilivu."

Na wewe ulikaa pale mezani na vitabu vyako, ukinijibu "ndiyo" na "hapana". Jumapili ya nne ukasema, bila kuinua kichwa: "Mama, hiyo waya nyeusi ilikuwa imekazwa wiki iliyopita." Nikaendelea kukaza kifuniko. Ukaongeza, "Ukimaliza, utanipatia mita kidogo nipime kitu?" Nilirudi Laini Saba siku ile siugusi mchanga wa njia.

Kwa hiyo ulijua. Nafikiri ulijua mengi. Lakini la daftari sina hakika, na ndiyo maana naandika.

Ulipokuwa chuo, ulikuja likizo na karatasi uliyoitoa kopi maktaba. Ukanisomea: kumbe macho ya aina ile hubeba kumbukumbu ya mwanga ambamo yalikaa, na watengenezaji wanajua tangu zamani, na wanaihesabu kuwa kasoro. "Si nilikuambia, Mathe!" ukapiga meza ukicheka. Kisha ukasema, "Ningekuwa bado na ile daftari, ningemwonyesha mwalimu."

Mlango ulikuwa wazi pale, Achieng. Wazi kabisa, mwanga umejaa. Mimi nikaendelea kuyeyusha risasi ya kuungia waya, nikasema, "Mvua ni kitu kibaya." Mara ya pili.

Na mara ya tatu si mimi niliyesema, ni wewe. Ulipotoka kwenye usaili wa hii skolashipu, ukanieleza jinsi wazungu wale watatu walivyokuuliza ulianzaje, na wewe ukawasimulia jogoo, macho, mkebe wa chai, na daftari lililochukuliwa na mvua ya Kibera. Walipenda sana hiyo mvua, ulisema. Mmoja aliiandika. Basi uongo wangu una karatasi sasa, una muhuri, umepanda ndege kabla yako. Huko utakuwa ukiulizwa ulianzaje mpaka uwe mzee, na kila mara utaitaja ile mvua, na mimi sitaki uzeeke ukiisingizia mvua.

Wiki iliyopita ulinieleza kazi unayokwenda kufanya. Ulikaa kwenye debe, ukashika tochi. Ulisema kompyuta za sasa zimeweka kumbukumbu chumba kimoja na hesabu chumba kingine, zinashinda zikibeba huku na huku, kama mtu anayepika Laini Saba na maji yake yako Kabiro. Nikakuambia namjua mtu huyo, ni mimi. Ukasema kichwa cha binadamu hakiko hivyo. Kati ya mshipa mmoja wa fahamu na mwingine kuna kiungo, mnakiita sinapsi, na habari ikipita hapo mara nyingi, njia inapanuka; isipopita, inaziba pole pole. Kiungo chenyewe ndicho kumbukumbu. Na nyinyi mnataka kuunda kiungo kama hicho kwa kitu kinachoamshwa na mwanga, kidude kimoja kinachoona, kinachokumbuka na kinachopima hapo hapo, bila kutumwa kuteka maji mbali.

"Yaani mnatengeneza jogoo," nikasema.

"Mathe, tunatengeneza jogoo." Ulicheka mpaka tochi ikaanguka.

Kisha ukaniwashia mara mbili haraka haraka, ukasema mwanga ukija mara mbili kwa karibu, kidude kinashikilia zaidi. Ukija mara mbili kwa mbali, wa kwanza unakuwa umeshaanza kusahauliwa wa pili ukifika. Uliendelea kueleza, lakini mimi nilibaki hapo. Nilikuwa nahesabu Jumapili zangu. Siku saba kati ya mwanga na mwanga. Nilijiuliza kama ilikuwa karibu vya kutosha.

Mwanga wa tundu umefika kwenye sufuria. Hujafika. Rose anaomba dua ndefu.

Sina la kukufundisha juu ya kusema ukweli, mtu wa kufundisha hilo hatoki nyumba hii. Nimeona tu kwamba nilikasirika kwa sababu watu hawakuamini mwanamke anaweza kuwa fundi, na wa kwanza kuniletea ufundi wake kwa mikono miwili, mwenye miaka kumi na miwili, nilimfanyia vile vile na zaidi. Wao angalau hawakunichoma. Huko uendako kutakuwa na watu watakaoangalia nyuma yako wakitafuta fundi yuko wapi. Hao utawaweza, umekulia kwao. Ninayemwogopa ni yule mdogo atakayekujia siku moja wakati mstari mzima unakucheka.

Chini ya sweta ya kijani, pamoja na barua hii, kuna daftari jipya. La miraba. Tangu siku ile ya usaili nimekuwa nikiyafungia macho yale matatu kwenye mkebe, siku moja, siku mbili, siku tano, na kuyaanika juu ya paa, na kuyapima kwa ile ile mita ambayo sasa sindano yake inatetemeka kama mimi. Nimeandika yote. Mistari yangu imepinda na hesabu utazisahihisha. Si lile. Najua si lile. Lakini ukurasa wa kwanza nimeandika kama ulivyoandika wewe, jicho la tatu, siku mbili kwa mkebe, kali sana, na nimelipima mwenyewe, na ni kweli. Nimechelewa miaka kumi kukujibu kwamba ni kweli.

Nisamehe, nyathina, mwanangu. Nilichoma kitabu chako nikapikia ugali.

Miaka minne ni mingi, na stampu ni ghali, na mtu akisoma sana husahau. Sitakuambia uandike kila wiki. Lakini nimejifunza kwenye daftari langu kwamba jicho lililokaa gizani muda mrefu halihitaji mlango kufunguliwa. Kadi tu. Mistari miwili kwamba umekula. Tundu la msumari litanitosha.

Nasikia watu njiani wakikusalimu. Naiweka barua sand—

Nimelazimika kuikalia. Umeingia, umevua viatu, umefunua sufuria. Umesema Anti Rose alipigiwa simu kwa ofisi ya kanisa na wale watu wa tikiti: ndege imesogezwa mbele, utaondoka Jumamosi. Umeniuliza naandika nini, nikakuambia orodha ya betri.

Leo ni Jumatatu: siku tano na wewe humu humu ndani, ambako unaweza kugeuka ukaniangalia.